Mzunguko wa Maalim

Ukikutana na Maalim barabarani, usimwulize habari kama una haraka. Sisi tunaozungumza Kiswahili hapa Ibra, Omani, ambao tumebaki wachache na kila mwaka tunapungua, tulikuwa tukionyana hivyo kwa mzaha. Hata vijana, ambao Kiswahili chao ni cha kuombea chai tu, walilijua onyo hilo. Mtu mwingine ukimwuliza habari hukujibu njema, nawe ukaendelea na njia yako. Maalim alishuka kwenye baiskeli, akaiegemeza ukutani, akafikiri, kisha akakupa habari. Jana kalala saa nne. Goti la kulia linamsumbua tangu Jumapili. Paka wa jirani kazaa ndani ya tangi bovu la maji, watoto watatu, mmoja kafa. Mwanawe wa Maskati hajapiga simu wiki mbili, na yeye amekasirika lakini hatampigia. Halafu alikutazama usoni akangoja za kwako, na ole wako useme njema.

"Njema nini?" alisema. "Mimi nimekuuliza, mwanangu. Nijibu."

Mara ya kwanza kunifanyia hivyo nilichukia. Nilikuwa mtu mzima wa miaka arubaini na kitu, mwenye duka langu la dawa, na nikaona mzee huyu ananigeuza mwanafunzi mbele za watu. Nilimwambia kwa ukali kwamba habari zangu hazimhusu. Hakuudhika hata kidogo. Alisema, "Haya, hiyo nayo ni habari," akapanda baiskeli yake akaenda zake, na mimi nikabaki nimesimama mlangoni na hasira zangu, sina wa kumpa.

Hapa kwetu baiskeli ni ya watoto na ya vibarua wa Kibangali. Mzee wa ndevu nyeupe, mwalimu mstaafu, kanzu imepigwa pasi, kofia ya kushonwa kwa mkono, kuonekana juu ya baiskeli ni jambo lililokaribia aibu, na wanawe walimwambia hivyo bila kumficha. Walimnunulia gari. Gari likakaa chini ya banda la bati mpaka betri ikafa. Maalim alisema kwamba Unguja aliyoijua yeye hata makadhi walipanda baiskeli, na hakuna aliyepungukiwa na heshima kwa sababu ya kukanyaga pedali. Upindo wa kanzu aliubana kwa kibanio cha kuanikia nguo ili usiingie kwenye mnyororo. Kibanio chenyewe kilikuwa cha plastiki ya waridi, na mara nyingi alisahau kukitoa, akaingia nacho msikitini.

Hakuendesha mwaka mzima. Kiangazi cha hapa kinamwua hata nzi. Baiskeli ilikaa stoo, imefunikwa shuka kuukuu, mpaka katikati ya mwezi wa kumi, asubuhi moja unapotoka nje na kukuta upepo hauunguzi tena. Msimu huo aliuita vuli, ingawa mvua ya vuli hapa utaingoja mpaka uchoke. Asubuhi ya kwanza ya namna hiyo alitia upepo kwenye tairi, akapaka mafuta mnyororo, akatoka. Kutoka nyumbani kwake Sufala alifuata kijia cha pembezoni mwa mashamba ya mitende, maji ya falaji, mfereji wa kumwagilia, yakipita upande mmoja, akazunguka zile nyumba kongwe za udongo ambazo sasa hazina mapaa, akakata wadi, bonde la mto wa mvua, pakiwa pakavu, akapanda taratibu mpaka Alaya, kisha akarudi kwa barabara ya sokoni. Njia nzima haifiki kilomita kumi. Alitumia saa mbili na nusu.

Alikuwa mzito njiani kwa sababu ya adabu. Aliyepanda humwanza kwa salamu anayekwenda kwa miguu. Sote tulifundishwa hivyo chuo cha Kurani, na sote, tangu tupate magari yenye vioo vyeusi, tumesahau. Maalim hakusahau. Aliwasalimia wazee wa vibarazani, wafagiaji wa barabara, Wabangali juu ya ngazi zao za rangi, mabibi wa soko la Jumatano waliokuwa wakimpigia kelele kutoka mbali kumwuliza lini ataoa. Kila aliyemwuliza habari alimshusha kwenye baiskeli, na kila kushuka kulikuwa na hadithi ya goti na paka.

Mimi niliingia katika mzunguko ule kwa ugonjwa. Nilipimwa nikakutwa na sukari, mimi ninayewauzia wenzangu dawa ya sukari, na mke wangu akasema kama siwezi kutembea basi nimfuate Maalim. Nilinunua baiskeli mpya yenye gia ishirini na moja. Maalim aliizunguka, akaigusa tairi kwa ncha ya kiatu.

"Hii baiskeli ya mtu anayekimbizwa," akasema. "Nani anakukimbiza?"

Nilimfuata vuli saba. Nikisema nilizifurahia zote nitakuwa nadanganya, kwani kulikuwa na asubuhi nilizotamani kumwacha njiani na salamu zake nikafungue duka. Lakini ukienda mwendo ule unaona mambo. Nilijua shamba gani limekatiwa maji, nyumba gani imehamwa, mzee gani hakutoka kibarazani leo. Miaka yote nimeishi mji huu kwa gari, na sikuwa nimeuona.

Usidhani alikuwa mtu mwepesi. Alikuwa mpole kwa wapita njia na mkali kwa wanawe, mpaka wao wakawa wanamwogopa katika umri wa kuwa na wajukuu. Alisomesha jiografia maisha yake yote, akaweza kukuchorea mto wa Kongo kwa kijiti mchangani, na alipotea kila alipoingia mtaa mpya nyuma ya hospitali. Alitutaka sote tuseme kweli, na mimi muuza dawa wake alinidanganya juu ya vidonge vya presha. Nikimwuliza kama anameza, alisema anameza. Nilihesabu tarehe alizokuja kuchukua vingine, na hesabu haikukubali. Alipenda halwa na aliila kwa kujificha, kisha akapangusa vidole kwenye tandiko la baiskeli.

Jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa lilikuwa Alaya. Pale juu, baada ya msikiti, kuna nyumba ya lango la kijani na kibaraza cha saruji mbele yake. Kila asubuhi hukaa hapo mzee mwembamba na birika la kahawa. Huyo alikuwa kaka wa marehemu mke wa Maalim, na mimi nitamwita Shemeji, kwa kuwa ndivyo Maalim alivyomwita. Tulipofika pale Maalim alipunguza mwendo.

"Assalamu alaykum."

"Wa alaykum salaam wa rahmatullahi wa barakatuh."

Jibu lilikuwa kamili, halikupunguzwa neno. Baada ya hapo kimya. Maalim aliendelea mbele, na Shemeji akanigeukia mimi niliyekuwa nyuma.

"Daktari! Habari za asubuhi? Watoto hawajambo? Mama anaendeleaje?"

Mimi si daktari, ila ukiuza dawa watu hukupa cheo. Nilijibu, njema, hawajambo, anaendelea vizuri, mlolongo mrefu wa maswali na majibu kama ilivyo desturi, na huku nikimwona Maalim kule mbele amesimama, mguu mmoja chini, ametupa mgongo. Alikuwa akisikiliza. Mimi niliulizwa, yeye hakuulizwa.

Ilikuwa vuli ya tatu aliponieleza. Tulikuwa kwenye zile nyumba za udongo, tumekaa juu ya ukuta ulioanguka, na yeye akimenya chungwa.

"Salamu ni haki ya kila Mwislamu," akasema. "Hata adui yako utamjibu. Habari ni ya mtu wako. Shemeji hajaniuliza habari tangu dada yake afe."

Nikamwuliza kisa.

"Ilikuwa asubuhi kama hii. Ya mwanzo, khasa, upepo umegeuka. Mke wangu akaniambia kifua kinambana. Nikamwambia twende hospitali. Akasema, nenda kazunguke, umeingoja tangu mwezi wa tano, ukirudi tutakwenda. Nikenda." Alitupa ganda la chungwa. "Nilikwenda polepole. Nilimsalimia kila mtu. Nilipofika kwa Shemeji akanikaribisha kahawa. Akaniuliza, habari ya dada yangu? Nikasema njema, alhamdulillahi."

Sikuona kosa. Sote husema hivyo. Hata nyumba yenye maiti ndani, ukiulizwa habari mlangoni unasema njema kwanza, ndipo baadaye, baada ya kahawa na tende, ukaleta habari yenyewe. Nilimwambia hivyo.

"Ndiyo. Na mimi ndiyo ilikuwa nia yangu. Nimalize kikombe, nimwambie, kifua kinambana, njoo tumpeleke sote. Wakaja wageni kutoka Mudhairib. Tukasimama, salamu zikaanza upya, habari zikaanza upya, na wao wakaniuliza mke wangu hajambo, nikasema hajambo. Mara ya pili hiyo. Nikaona haya kuigeuza mbele ya wageni. Nikatikisa kikombe kuonyesha nimetosheka, nikaondoka."

Alipofika nyumbani alimkuta jikoni, sakafuni. Hospitali walisema angeletwa mapema angepona. Matangani, mbele ya watu wote, Shemeji alimwambia neno moja tu: nilikuuliza habari yake.

Nikaelewa lile goti na lile tangi la maji. Nilijisikia mjinga kwa miaka yote niliyomcheka.

"Na bado unapita pale?" nikauliza. "Na bado unapanda?"

"Nikiacha kupanda watu wataniuliza kwa nini nimeacha. Na nisipopita pale ataniuliza lini?" Akanitazama kama mtu anayeeleza jambo jepesi. "Sitaki anisamehe, mwanangu. Kusamehe ni kwake na Mola wake. Mimi nataka aniulize habari. Mara moja tu, kabla hatujafa. Nimjibu kama ilivyotakiwa."

Nilijaribu kuingilia, kama kawaida ya watu waliosomeshwa hesabu na dawa. Nilikwenda kwa Shemeji peke yangu, nikampa maneno yangu niliyoyapanga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia kahawa.

"Daktari," akasema, "wewe ukimwuliza mtu, si unataka kujua? Ama unauliza kupiga domo tu?"

"Nataka kujua, mzee wangu."

"Basi na mimi nilitaka kujua."

Nikanywa kahawa yangu nikaenda. Maalim alipata kusikia, Ibra si mji wa siri, na hakusema nami siku kumi. Siku ya kumi na moja aligonga mlango wa duka kwa gurudumu la mbele, akaniuliza kama sukari yangu imeshuka.

Mwaka wa mwisho alikonda kabla ya msimu. Macho yalikuwa na manjano. Mimi ndiye niliyempeleka Maskati kwa gari langu, kwa kuwa hakutaka wanawe wajue, na mimi ndiye niliyekaa kando yake daktari alipotaja ini, kisha akataja miezi. Maalim alimwuliza miezi mingapi, daktari akasema inategemea. Maalim akamwambia kwamba hilo si jibu. Njiani, tulipopita Samail na mitende yake, alizungumza juu ya mitende. Alipomaliza mitende akasema:

"Habari hii usimpe mtu. Ina mwenyewe wa kuambiwa kwanza."

"Nani?"

"Si unamjua?"

Nilimwambia ukweli wangu, kwamba Shemeji hatamwuliza, na wanawe wana haki. Akasema wanawe atawaambia yeye. Nikakubali. Nilikubali haraka mno, labda kwa sababu nilikuwa nimechoka kuendesha, na labda kwa sababu kuaminiwa na Maalim ilikuwa sifa niliyoipenda.

Vuli ikaingia. Akatoka na baiskeli, lakini hakuweza kupanda zaidi ya mita mia. Mahali pengi aliikokota, na mimi nikaikokota yangu kando yake. Watu walimwuliza habari naye akawapa goti, akawapa paka, akawapa mwanawe wa Maskati, na lile kubwa akaliruka. Nilikuwa nikimsikiliza akiliruka. Hakuna aliyeuliza zaidi, maana walishazoea kwamba Maalim husema yote.

Asubuhi ile ilikuwa ya ubaridi, vumbi limetulia, mashamba yakichomwa majani makavu na moshi wake umelala juu ya wadi. Ilituchukua karibu saa moja na nusu kufika Alaya. Maalim alikuwa amesimama mara nyingi, akijifanya anatazama kitu. Shemeji alikuwa kibarazani.

"Assalamu alaykum," akasema Maalim, na sauti haikumtoka vizuri.

"Wa alaykum salaam wa rahmatullahi wa barakatuh."

Maalim akaanza kuisukuma baiskeli. Shemeji akanitazama mimi, akafungua kinywa, halafu akamtazama yeye. Akamtazama muda mrefu, kanzu inavyoning'inia mabegani, mikono ilivyoushika usukani. Akaweka kikombe chini.

"Shemeji," akasema. "Habari yako?"

Maalim alisimama. Aligeuka polepole, na baiskeli ikageuka naye. Miaka kumi na nne alikuwa akilingoja swali hilo. Alikuwa na jibu lake tayari, nililijua, nilikuwa nimelibeba pamoja naye tangu Maskati.

"Njema," akasema Maalim. "Njema, alhamdulillahi. Za kwako?"

"Alhamdulillahi. Karibu kahawa."

Tulikaa. Shemeji alituletea tende na halwa, akammenyea chungwa kwa mkono wake, akamwuliza juu ya wanawe mmoja mmoja kwa majina, na Maalim akajibu wazima, wote wazima. Walizungumza juu ya skuli ya Unguja waliyosoma pamoja, juu ya bawabu wake aliyekuwa na jino moja, na Shemeji alicheka mpaka akafuta macho. Dada yake hakutajwa. Mimi nilikuwa nikingoja. Kila kikombe kilipomiminwa nilisema moyoni, sasa. Mara mbili Maalim alivuta pumzi kama mtu anayetaka kuanza, na mara mbili Shemeji akamtangulia na hadithi nyingine, kwa furaha. Mwisho Maalim akakitikisa kikombe.

Wadini nikamwuliza, nikiwa na hasira kweli. "Maalim, kwa nini?"

"Ilinitoka." Alikuwa analia bila sauti, na hakuyapangusa machozi. "Aliponiuliza ikanitoka yenyewe. Halafu uliuona uso wake? Ningeuvunja vipi?"

"Basi nikamwambie mimi. Narudi sasa hivi."

"La. Usiniibie. Kesho nitakwenda mwenyewe, nitamwambia kabla ya kahawa. Ahadi."

Nikageuza baiskeli yangu kuelekea nyumbani. Ningeweza kurudi. Ilikuwa mlima wa dakika tano tu, na baiskeli yangu ina gia ishirini na moja.

Usiku huo hali yake ilibadilika, wanawe wakaja wakamchukua Maskati, na siku ya kumi na tisa akafa hukohuko. Alizikwa Ibra, kando ya mkewe. Shemeji alikuwa hajaambiwa hata kwamba amelazwa. Wanawe walijua kwamba hawa wawili hawasemezani, wakaona haya kumpigia. Nami sikumpigia. Nilijiambia kwamba ni habari ya Maalim, si yangu, na kila siku niliyojiambia hivyo ilizidi kuwa vigumu siku inayofuata.

Tanga lilikuwa kwenye sabla ya Sufala, ukumbi mrefu, watu wamepanga mgongo ukutani. Unaingia kulia, unampa kila mtu mkono mpaka umalize mzunguko. Shemeji alikaa pamoja na wana wa Maalim, mahali pa wafiwa. Nilipomfikia aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akanivuta nikainama.

"Ilikuwa tangu lini?" akaniuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, ili wengine wasielewe.

"Kabla ya msimu."

"Siku ile aliyokuja kwangu, alikuwa anajua?"

"Alikuwa anajua."

"Na wewe?"

Nilisema ndiyo.

Alinitazama mpaka nikashindwa kumtazama. Halafu akaniachia mkono, akamnyooshea aliyekuwa nyuma yangu.